Maumivu ya Manena na Msamba kwa Waendesha Baiskeli wa Kila Siku: Ufafanuzi wa Vyanzo, Unafuu na Lugha ya Kuyaeleza

IKISIRI

Makala haya yanafafanua maumivu na majeraha ya manena na msamba yanayowapata watu wanaoendesha baiskeli kila siku, hususani wale wanaoitegemea baiskeli kwa riziki katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki. Makala yanaonesha kwamba maumivu yanayotajwa kwa neno moja huwa na vyanzo visivyopungua vitatu: mgandamizo wa neva na mishipa ya damu, msuguano wa ngozi na kuvutika kwa misuli. Kila chanzo kina tiba yake, na kukichanganya na kingine huchelewesha kupona. Aidha, makala yanajadili tasfida zinazotumika kutaja sehemu hizi za mwili na namna zinavyoweza kumpotosha mhudumu wa afya. Hoja kuu ni kwamba mwendesha baiskeli anahitaji vitu viwili kwa pamoja: kiti kilichorekebishwa vizuri na msamiati wa kumwezesha kusema anapoumia bila kuvunjiwa heshima.

1.0 Utangulizi

Baiskeli ni chombo cha kazi kwa watu wengi wa Afrika Mashariki. Mjini Shinyanga, baiskeli zinazobeba abiria zimepewa jina la daladala, jina ambalo kwingineko Tanzania hutumika kwa mabasi madogo ya mjini. Huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, biashara ya kuvusha abiria kwa baiskeli ndiyo iliyozaa neno bodaboda kabla pikipiki hazijalichukua jina hilo. Zaidi ya abiria, wapo wanaobeba magunia ya mkaa, madumu ya maji, mikungu ya ndizi na kreti za soda. Watu hawa hukaa juu ya kiti cha baiskeli kwa saa nyingi, siku sita au saba kwa wiki, wakiwa na mzigo ambao mara nyingine huzidi uzito wao wenyewe.

Maandishi mengi ya kitabibu kuhusu maumivu ya waendesha baiskeli yamewalenga wanamichezo, yaani watu wenye kaptura maalumu zenye pedi, baiskeli nyepesi na fursa ya kupumzika wanapoumia. Ushauri wao wa kwanza huwa ni kuacha kuendesha mpaka mtu apone. Kwa kijana anayeendesha baiskeli ya kukodi na kumpelekea mwenye baiskeli hesabu kila jioni, ushauri huo ni sahihi kitabibu lakini hautekelezeki. Siku asiyoendesha ni siku isiyo na hesabu, na siku tatu bila hesabu huweza kumpotezea baiskeli yenyewe. Kwa hiyo huendelea kuendesha, humeza dawa ya kutuliza maumivu, na hunyamaza.

Ukimya huo una sababu mbili. Ya kwanza ni ya kiuchumi, kama ilivyoelezwa. Ya pili ni ya kilugha: sehemu inayouma ni ile ambayo adabu ya Waswahili haitaki itajwe kwa jina lake mbele ya watu. Kutokana na hali hiyo, makala haya yanajibu maswali matatu. Je, maumivu haya hutokana na nini? Je, mwendesha baiskeli asiyeweza kuacha kazi afanye nini? Na je, ayaeleze kwa lugha gani ili asaidiwe?

2.0 Ufafanuzi wa Istilahi za Msingi

Kabla ya kujadili vyanzo ni muhimu kutofautisha istilahi ambazo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa.

Manena ni mikunjo miwili ambapo paja hukutana na tumbo, mmoja kulia na mwingine kushoto. Kinena ni sehemu ya katikati, chini ya kitovu na juu ya sehemu za siri, palipo na mfupa wa mbele wa fupanyonga. Msamba ni eneo lililo baina ya sehemu za siri na njia ya haja kubwa. Wazungumzaji wengi hulifahamu neno hili kupitia usemi kupiga msamba, yaani kuketi chini kwa kuitanua miguu huku na huku mpaka mapaja yaguse ardhi. Nyonga ni kiungo kinachounganisha mfupa wa paja na fupanyonga.

Istilahi ya tano ni mifupa ya kukalia. Hii ni mifupa miwili iliyo chini ya makalio ambayo mtu huihisi akikaa juu ya ubao mgumu. Mifupa hii ndiyo iliyoumbwa kubeba uzito wa mwili uliokaa. Msamba haukuumbwa kwa kazi hiyo. Takribani mjadala wote wa kiti cha baiskeli unaweza kufupishwa katika kauli hii: uzito ukae juu ya mifupa, usikae juu ya msamba.

Neno jingine linalohitaji uangalifu ni mshipa. Katika Kiswahili neno hili hubeba maana nyingi. Huweza kumaanisha njia ya damu, neva (mshipa wa fahamu), na vilevile ugonjwa wa ngiri au busha. Mtu anaposema “nina mshipa”, msikilizaji wa pwani huelewa kwamba anazungumzia uvimbe, ilhali msemaji huenda alikusudia kusema kwamba kuna kitu kinachovuta ndani ya paja lake. Sehemu ya 6.0 italirejea suala hili.

3.0 Vyanzo vya Maumivu

3.1 Mgandamizo

Neva ya pudenda hupita karibu na mifupa ya kukalia na kusambaa katika msamba na sehemu za siri. Hiyo ndiyo inayoleta hisia katika maeneo hayo, kwa wanaume na kwa wanawake. Sambamba nayo hupita mishipa ya damu. Mtu anapokaa juu ya pua ya kiti, yaani ile ncha nyembamba ya mbele, neva na mishipa hiyo hubanwa kati ya kiti na mfupa. Dalili yake ya kwanza si maumivu bali ni ganzi. Kwa kuwa ganzi haiumi, wengi huipuuza.

Suala hili limefanyiwa utafiti miongoni mwa watu wanaoendesha baiskeli kama kazi. Mwaka 2008, Schrader na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya polisi 90 wa doria ya baiskeli waliopewa viti visivyo na pua na kuvitumia kwa miezi 6. Kabla ya mabadiliko hayo, asilimia 27 tu ndio waliosema hawapati ganzi sehemu za siri wakiendesha. Baada ya miezi 6, idadi hiyo ilifikia asilimia 82. Utafiti huu una umuhimu wa pekee kwa makala haya kwa sababu uliwahusu wafanyakazi, na unathibitisha kwamba ganzi ni madhara ya kazini yanayoweza kuzuilika kwa kubadili kifaa.

Hata hivyo, hofu haina budi kuwekewa mipaka. Vijiweni husikika madai kwamba baiskeli huondoa nguvu za kiume. Utafiti wa Awad na wenzake, uliochapishwa mwaka 2018, uliwalinganisha wanaume waendesha baiskeli na waogeleaji na wakimbiaji, na haukukuta kwamba afya ya tendo la ndoa ya waendesha baiskeli ni duni kuliko ya wenzao. Uligundua, hata hivyo, kwamba ganzi na kusinyaa kwa njia ya mkojo hutokea zaidi kwa waendesha baiskeli. Uligundua pia kwamba kusimama juu ya pedali kwa zaidi ya asilimia 20 ya muda wa safari hupunguza uwezekano wa ganzi, na kwamba usukani ulio sawa na kiti au chini yake huuongeza. Hivyo basi, jambo la kushughulikiwa ni namna ya kukaa. Hakuna sababu ya kuiogopa baiskeli yenyewe.

3.2 Msuguano

Chanzo cha pili ni ngozi. Kila pedali inapozungushwa, paja husugua pembeni mwa kiti. Joto, jasho, vumbi na mshono wa suruali huongeza msuguano huo. Ngozi huchubuka, vinyweleo huziba, na bakteria huingia. Matokeo huwa vipele vyenye usaha na, hali ikizidi, majipu. Kwa wanawake, mashavu ya uke huweza kuvimba na kuuma, hasa kiti kinapokuwa chembamba kuliko nafasi iliyo kati ya mifupa yao ya kukalia.

Mchubuko hutofautiana na fangasi za manena, ambazo huwasha zaidi kuliko kuuma na huacha alama yenye ukingo ulioinuka unaotanuka polepole. Tofauti hii si ndogo. Krimu za mchanganyiko zenye steroidi, zinazouzwa madukani bila cheti cha daktari, huweza kutuliza muwasho kwa siku chache huku fangasi zikiendelea kusambaa chini yake.

3.3 Kuvutika kwa Misuli

Chanzo cha tatu ni misuli. Misuli ya ndani ya paja huyavuta mapaja yakaribiane, na msuli mwingine wa mbele ya nyonga hunyanyua paja pedali inapopanda. Msuli huumia unapovutwa kupita kiasi kwa ghafla, au unapofanyishwa kazi nzito kwa muda mrefu bila kupumzishwa.

Kwa mbeba mizigo na abiria kuna mienendo mitatu yenye hatari. Mosi, keria inapokuwa na gunia au abiria, dereva hawezi kupitisha mguu nyuma ya kiti. Hulazimika kuunyanyua na kuuvusha juu ya bomba la fremu kwa mbele, na hivyo kuyatanua mapaja ilhali mkono mmoja umeshika baiskeli nzito. Pili, baiskeli yenye mzigo inapoanza kulala upande mmoja, mtu huikinga kwa mguu uliotanuliwa, na uzito wote hutua kwenye misuli ya ndani ya paja hilo. Tatu, baiskeli nyingi za kazi hazina gia, hivyo kila mlima hupandwa kwa nguvu ileile ya miguu.

Ili kuondoa mkanganyiko wa majina miongoni mwa wataalamu wenyewe, mkutano wa mwaka 2014 uliofanyika Doha, Qatar, ulikubaliana kuyagawa maumivu ya manena ya wanamichezo katika makundi. Yapo yanayohusu misuli ya ndani ya paja, yanayohusu msuli wa kunyanyua paja, yanayohusu mfereji wa nena, na yanayohusu mfupa wa kinena. Yapo pia yanayotoka kwenye nyonga, na kundi la mwisho ni la vyanzo vinginevyo. Mgawanyo huo una funzo kwetu: hata madaktari walihitaji kukaa pamoja ili wakubaliane juu ya maneno.

3.4 Hali Zinazofanana na Jeraha la Baiskeli

Si kila kinachouma nenani kwa mwendesha baiskeli kimeletwa na baiskeli. Ngiri huonekana kama uvimbe unaojitokeza mtu anapokohoa au kunyanyua mzigo na kurudi anapolala. Busha ni maji yanayojikusanya kwenye mfuko wa korodani; katika pwani ya Afrika Mashariki huhusishwa na ugonjwa wa matende unaoenezwa na mbu. Mtoki ni kuvimba kwa tezi za nenani, na huweza kusababishwa na kidonda cha mguuni au maambukizi ya zinaa. Mawe ya figo pia huweza kutuma maumivu hadi nenani. Kwa waendeshaji wa miaka mingi, ukuta wa mshipa mkubwa wa damu unaopita mbele ya nyonga huweza kunenepa, mguu ukachoka na kuuma katika mwendo mkali na kupata nafuu mtu anaposimama.

4.0 Namna ya Kukabiliana na Maumivu

4.1 Kurekebisha Kiti

Marekebisho ya kiti hayahitaji gharama zaidi ya spana, na fundi baiskeli yeyote anaweza kuyafanya. La kwanza ni kimo. Mwendeshaji akae, aweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka bila nyonga kuinama upande. Akirudisha mbele ya wayo juu ya pedali, goti litajikunja kidogo, na hicho ndicho kimo kinachofaa. Kiti kikiwa juu mno, nyonga huyumba kushoto na kulia na msamba husuguliwa katika kila mzunguko. Kikiwa chini mno, goti na msuli wa kunyanyua paja hubeba kazi isiyo ya lazima.

La pili ni mwinamo. Kiti kiwe sawa, au pua yake iinamishwe chini kidogo. Pua iliyoinuka ndiyo chanzo cha kawaida cha ganzi, na mara nyingi huinuka yenyewe kwa sababu nati iliyo chini ya kiti imelegea na uzito wote umeelemea nyuma. La tatu ni usukani, ambao kwa mtu mwenye ganzi unapaswa kuwa juu kidogo kuliko kiti.

La nne ni sponji. Waendeshaji wengi hufunga sponji nene na kitambaa juu ya kiti wakitarajia nafuu. Sponji laini kupita kiasi huleta matokeo kinyume: mifupa ya kukalia huzama ndani yake, na sehemu ya katikati huinuka na kuubana msamba. Kiti kigumu kiasi, chenye upana unaoilingana mifupa, hufaa zaidi. Mwisho, mtu asimame juu ya pedali kwa nusu dakika hivi kila baada ya dakika chache, au ashuke na kuikokota baiskeli kwenye mlima. Kushuka mlimani si udhaifu. Ni njia ya kuupa msamba damu na misuli pumziko.

4.2 Kuitunza Ngozi

Ngozi iliyochubuka huhitaji usafi, ukavu na kupunguziwa msuguano. Mtu aoge mara amalizapo kazi, ajikaushe vizuri, na avae nguo kavu. Asirudie nguo ya ndani ya jana. Nguo isiwe na mshono mnene unaopita msambani. Kabla ya kazi, mafuta ya mgando yakipakwa kidogo kwenye mikunjo hupunguza msuguano. Kipele kisikamuliwe. Jipu linalokua, linalouma sana au linaloambatana na homa lipelekwe kituo cha afya. Mwenye kisukari asisubiri hata siku moja.

4.3 Kutibu Msuli

Msuli ukivutika, siku mbili za mwanzo ni za kuupumzisha na kuupoza kwa barafu iliyofungwa kitambaani kwa dakika 10 hadi 15 kila mara. Desturi ya kukanda kwa maji ya moto na kuchua kwa nguvu ina nafasi yake katika uchovu wa kawaida, lakini msuli uliochanika upya ukichuliwa huweza kuvuja damu zaidi.

Baada ya hapo, mapumziko peke yake hayatoshi. Mwaka 1999, Hölmich na wenzake nchini Denmark walichapisha katika The Lancet utafiti wa wanamichezo 68 wenye maumivu sugu ya misuli ya ndani ya paja. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kuimarisha misuli kwa wiki 8 hadi 12; jingine lilipewa tiba za kukandwa na vifaa bila mazoezi hayo. Waliorejea michezoni bila maumivu walikuwa 23 katika kundi la kwanza na 4 tu katika la pili. Ingawa hao hawakuwa wabeba mkaa, msuli ni uleule.

Zoezi la mwanzo la mpango huo ni rahisi. Mtu hulala chali, huweka mpira wa miguu kati ya nyayo zake, huubana kwa sekunde 30 kisha huachia. Hurudia mara 10. Halafu hukunja magoti na kuubana mpira kati ya magoti kwa utaratibu uleule. Maumivu madogo yanavumilika. Yakiwa makali, apunguze nguvu. Zoezi hili halihitaji fedha wala ukumbi, na laweza kufanywa mkekani usiku baada ya hesabu kupelekwa.

4.4 Kupumzika kwa Anayeishi kwa Hesabu

Kati ya kuacha kazi kabisa na kuendelea kama kawaida kuna njia ya katikati. Mwendeshaji anaweza kuacha mizigo mizito na kubaki na abiria mmoja mmoja, kuchagua njia tambarare, kupunguza saa, au kubadilishana zamu na mwenzake wa kijiwe. Kanuni ya kujipima ni asubuhi inayofuata: ikiwa maumivu yameongezeka kuliko jana, kazi ya jana ilizidi, ikiwa yamebaki yalivyo au yamepungua, kiwango hicho kinafaa.

Kinachopaswa kuepukwa ni kumeza diklofenaki au ibuprofeni kila asubuhi ili kumudu kazi. Dawa hizo huficha onyo la mwili, na zikitumiwa kwa muda mrefu, hasa tumbo likiwa tupu na mwili ukiwa umepungukiwa maji, huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

5.0 Dalili Zisizovumiliwa

Zipo hali ambazo mwendeshaji hapaswi kusubiri. Korodani inayouma ghafla na kwa ukali inaweza kuwa imejisokota, na uwezekano wa kuiokoa ni mkubwa zaidi ikifanyiwa upasuaji ndani ya saa 6. Baada ya kuangukia bomba la fremu, damu kwenye njia ya mkojo au kushindwa kukojoa huashiria kuumia kwa njia hiyo. Uume uliosimama bila hamu kwa zaidi ya saa 4 ni dharura. Vivyo hivyo ngiri iliyogoma kurudi ndani huku ikiuma na mtu akitapika.

Dalili nyingine ni ganzi ya msamba inayoambatana na maumivu ya mgongo, miguu kulegea, au kushindwa kudhibiti mkojo na choo. Hii haitokani na kiti cha baiskeli. Huashiria neva kubanwa ndani ya uti wa mgongo. Madaktari huiita ganzi ya aina hii kwa jina la tandiko, kwa kuwa hulikumba eneo lilelile linalogusa tandiko la farasi. Mwendesha baiskeli yumo katika hatari ya pekee ya kuikosea, kwa kuwa huweza kudhani ni ganzi yake ya kila siku. Ganzi ya kiti huondoka muda mfupi baada ya kushuka. Ganzi isiyoondoka si ya kuvumilia.

6.0 Lugha ya Kuyaeleza Maumivu

Brown na Levinson (1987), katika nadharia yao ya adabu, wanaeleza kwamba kila mzungumzaji ana uso wa kijamii anaoulinda, na kwamba baadhi ya vitendo vya lugha huuhatarisha uso huo. Kutaja msamba au korodani mbele ya mhudumu ni kitendo cha aina hiyo, na hatari huongezeka panapokuwa na tofauti ya umri na jinsia. Mzee aliyezoea kuamkiwa shikamoo hujikuta mbele ya tabibu binti aliye rika la mwanawe. Hapo ndipo tasfida zinapoingia.

Tasfida zinazotumika zaidi zinaweza kuwekwa katika makundi matatu. La kwanza ni la kuhamisha mahali: mtu husema “kiuno kinaniuma” ilhali kinachouma ni nena. La pili ni la kupanua mahali: “huku chini”, “sehemu za siri”. La tatu ni la kutumia neno lenye maana nyingi: “mshipa”. Kila kundi lina athari yake ya kitabibu. La kwanza humfanya mhudumu achunguze mgongo. La pili humwelekeza kwenye maradhi ya zinaa, na mgonjwa huishia kuulizwa juu ya wenza wake badala ya kuulizwa juu ya baiskeli yake. Akirudi nyumbani na dawa hizo, huweza kuzua mgogoro na mkewe usiokuwa na sababu. La tatu huzua dhana ya ngiri au busha.

Inadhihirika, basi, kwamba tasfida hulinda uso na wakati huohuo huweza kuuhatarisha mwili. Suluhisho si kuitupa adabu, kwani Kiswahili chenyewe kina maneno yenye staha na usahihi kwa pamoja. Nena, msamba, korodani na ganzi si matusi. Kauli kama “Daktari, mimi ni dereva wa baiskeli, napata ganzi ya msamba, pale ninapokalia kiti, na haiondoki nikishuka” ina adabu kamili na ina taarifa nne ambazo mhudumu anazihitaji: kazi, dalili, mahali na muda. Kwa upande wake, mhudumu anaweza kumpunguzia mgonjwa mzigo kwa kuanza na kazi badala ya mwili: “Shikamoo baba. Unafanya kazi gani? Unakaa kwenye baiskeli saa ngapi kwa siku?” Swali hilo humfungulia mzee mlango wa kuingia katika mazungumzo bila kuvuliwa heshima yake.

Hekima ya jadi haiungi mkono ukimya. Methali mficha uchi hazai na mficha maradhi kifo humuumbua zinaonesha kwamba jamii iliyoweka miiko ya kutaja mwili ndiyo hiyohiyo iliyotambua mahali ambapo miiko hiyo inapaswa kulegezwa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba maumivu ya manena na msamba kwa mwendesha baiskeli wa kila siku hutokana na mgandamizo, msuguano au kuvutika kwa misuli, na kwamba mengi kati yake hupungua kwa kurekebisha kiti, kutunza ngozi, kufanya mazoezi na kupunguza mzigo kwa muda. Vilevile, yameonesha kwamba zipo dalili chache ambazo kuchelewa kwa saa kadhaa huweza kumgharimu mtu kiungo au uwezo wa kutembea.

Kutokana na mjadala huu, makala yanapendekeza mambo mawili. Kwanza, vyama na vijiwe vya waendesha baiskeli wa abiria na mizigo viwafundishe wanachama wapya kupima kimo na mwinamo wa kiti kama wanavyofundishwa kuziba pancha. Pili, wanaistilahi na wakufunzi wa vyuo vya afya waandae orodha fupi ya maneno ya Kiswahili ya sehemu hizi za mwili, yenye staha na yasiyo na utata, itumike vituoni. Mtafiti wa isimujamii atakuta hapa uwanja mpana: namna ambavyo umri, jinsia na kazi ya mgonjwa huamua neno atakalolichagua anapoulizwa, “Unaumwa wapi?”